Programu zijisasishe zenyewe au usasishe kwa mkono? Ulinganisho wa njia nne

Anayejiuliza kama ni salama kuacha programu zijisasishe chinichini huwa na hofu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kuachwa wazi: mwanya wa usalama umetangazwa, kiraka cha kuuziba kimetoka, na kifaa chake bado kinatumia toleo la zamani. Ya pili ni kuletewa balaa na yule yule anayemwamini, ama kwa sasisho bovu linalozima mashine, ama kwa sasisho lililotiwa sumu na wadukuzi waliopenya kwa mtengenezaji. Hofu zote mbili ni za kweli na zote zimeshatokea, tena kwa mamilioni ya watu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa simu na kompyuta ya mtu wa kawaida, masasisho ya usalama yaachwe yajiendeshe yenyewe, na matoleo mapya makubwa yasubiri kidogo. Kule kuulizwa kwanza kisha kubofya "Kubali", ambako wengi hukuhesabu kuwa ndiyo tahadhari, hakuongezi ulinzi wa maana, kwa sababu anayebofya hana cha kukagua. Anaona namba ya toleo na sentensi mbili za maelezo, basi. Faili ni lile lile na saini ya mtengenezaji ni ile ile. Kinachoweza kumkinga na sasisho bovu ni muda unaopita kati ya siku lilipotoka na siku linapomfikia, ili kasoro igundulike kwingine kwanza. Na muda huo unaweza kuwekwa bila mtu kubofya chochote.

Kwa hiyo hapa tunalinganisha njia nne, si mbili: kujisasisha papo hapo, kujisasisha kwa kuchelewa siku kadhaa, kujulishwa kisha kusasisha kwa mkono, na kuzima kabisa.

Kazi inayofanyika chinichini

Programu ndogo ya masasisho huamka kila baada ya saa kadhaa na kuiuliza seva ya mtengenezaji kama kuna toleo jipya kuliko lililopo. Likiwapo, faili hushushwa polepole, mara nyingi ile tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, ili kuokoa data. Kabla ya kusakinisha, kifaa hukagua saini ya kidijitali. Hii ni hesabu inayothibitisha mambo mawili: kwamba faili limetiwa saini kwa ufunguo wa siri wa mtengenezaji, na kwamba hakuna hata baiti moja iliyobadilika njiani. Mifumo iliyojengwa vizuri hukataa pia kurudishwa kwenye toleo la zamani lenye mianya, hata kama saini yake ni halali. Ndiyo maana mtu anayechezea Wi-Fi ya umma hawezi kirahisi kupachika faili lake mahali pa sasisho la Windows, Android au iOS.

Lakini saini husema faili limetoka wapi. Haisemi kama ni zima. Kosa la mwandishi wa programu hupita ukaguzi huo bila shida, na mdukuzi akishaingia kwenye mitambo ya mtengenezaji mwenyewe, sumu yake hutiwa saini pamoja na kila kitu kingine.

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wengi hawalijui: hilo "papo hapo" mara nyingi si papo hapo. Watengenezaji wakubwa hugawa masasisho kwa mafungu. Huanza na asilimia ndogo ya vifaa, hutazama ripoti za programu kuanguka, ndipo huongeza. Mwaka 2022 Craig Federighi wa Apple alieleza kwamba sasisho jipya la iOS hupewa kwanza wale wanaolifuata wenyewe kwenye mipangilio, na kwamba wiki 1 hadi 4 baadaye ndipo husambazwa kwa wote waliowasha kujisasisha. Maana yake, anayefungua ukurasa wa masasisho kila siku na kubofya amejiweka mbele ya foleni, pamoja na kundi la kwanza la majaribio, huku akidhani yeye ndiye mwangalifu.

Gharama ya kuchelewa

Kiraka kikitoka, siri ya mwanya imetoka nacho. Wadukuzi hulinganisha faili la zamani na jipya, huona mistari iliyobadilika, na kutoka hapo hujua pa kuwashambulia wale ambao hawajasasisha. Hivyo kuanzia siku kiraka kinapotangazwa, kifaa ambacho hakijasasishwa kimo hatarini zaidi kuliko kilivyokuwa jana yake, ingawa ndani yake hakuna kilichobadilika.

Microsoft ilitoa MS17-010, kiraka cha mwanya wa Windows, tarehe 14 Machi 2017. Shambulio la WannaCry, lililopitia mwanya huo, lilianza tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, likayafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo kompyuta za hospitali za umma za Uingereza. Kompyuta ya Windows 7 iliyoachwa ijisasishe ilikuwa imeshaziba mwanya huo karibu miezi miwili kabla. Hata aliyechelewesha viraka kwa siku 14 asingeguswa.

Mfano wa pili una ukali wake. Mwezi huo huo wa Machi 2017 kilitoka kiraka cha Apache Struts, programu inayotumika kwenye seva za tovuti, na ndani ya siku chache mwanya wake ulikuwa tayari unashambuliwa. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, haikuuziba kwenye seva zake zote. Wezi walichota humo kuanzia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaondoka. Kwa hiyo swali la "nichelewe siku ngapi" lina majibu tofauti kwa vitu tofauti. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta ina nafasi ya kupumua. Seva inayoonekana na intaneti nzima haina nafasi hiyo, wala kivinjari kinachofungua kurasa za watu usiowajua kutwa nzima.

Gharama ya kuwahi

Tarehe 19 Julai 2024, saa 04:09 UTC, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili moja la maudhui (maelekezo ya kutambua mashambulizi), Channel File 291, kwa programu yake ya usalama iitwayo Falcon. Iliondoa faili hilo saa 05:27, dakika 78 baadaye. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika: zilianguka, zikajiwasha, zikaanguka tena. Falcon hukaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na kosa moja la kusoma kumbukumbu mahali pale huangusha mashine nzima, si programu hiyo peke yake. Kwa mashine nyingi, dawa ilihitaji mtu aende kwenye kila moja, aiwashe katika hali salama, afungue folda C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike na kufuta faili linaloanza na C-00000291. Kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski, alitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48, na wengi hawakuujua uko wapi.

Wapo waliokuwa wamechagua kubaki nyuma kwa toleo moja au mawili ya Falcon. Hawakusalimika, kwa kuwa mpangilio ule ulihusu matoleo ya programu, si mafaili ya maudhui yanayotumwa mara nyingi kwa siku. Baada ya tukio hilo kampuni iliwapa wateja uwezo wa kuyachelewesha na hayo pia. Ukiweka ucheleweshaji mahali popote, tafuta kujua ni kitu gani hasa kinachocheleweshwa na kipi kinaendelea kupita.

Mfano unaogusa zaidi watu wa nyumbani ni Windows 10 toleo la 1809. Lilitolewa tarehe 2 Oktoba 2018, na siku nne baadaye Microsoft ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili. Kasoro ilikuwa hivi: mtu aliyekuwa amehamishia folda kama Documents kwenye diski nyingine, lakini akaacha mafaili mengine kwenye folda ya zamani, alikuta ile ya zamani imefutwa na vilivyomo. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba. Jambo la kukumbuka ni nani aliyeumia. Kusambazwa kwenyewe kwa watu wote kulikuwa hakujaanza. Waliolipata siku zile za kwanza ni waliofungua mipangilio wakabofya "Check for updates" kwa mkono wao. Waliokaa kimya walisalimika.

Sumu nayo? CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo lake la 5.33 lilitoka Agosti 2017 likiwa na programu haribifu ndani, limetiwa saini halali ya kampuni, likakaa karibu mwezi mzima kabla ya kugunduliwa. Lilitumiwa na watu wapatao milioni 2.27. Toleo la bure la CCleaner wakati ule halikuwa na uwezo wa kujisasisha: watumiaji wake walilishusha wenyewe kutoka tovuti rasmi. Juni mwaka huo huo masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika sana Ukraine, yalibeba programu haribifu iitwayo NotPetya. Na mwaka 2020 masasisho ya Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, yaliyotiwa sumu yaliwafikia wateja wapatao 18,000. Yalianza kusambazwa Machi na siri ikafichuka Desemba. Kwa sumu iliyokaa miezi tisa bila kuonekana, kuchelewa wiki mbili hakukufai kitu, na kubofya kwa mkono hakukufai kitu.

Kuna mara moja ambapo muda ulifanya kazi yake sawasawa. Mwishoni mwa Februari 2024 maktaba ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilitoa toleo la 5.6.0, kisha 5.6.1, yakiwa na mlango wa siri ndani. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mhandisi wa programu, aliufichua baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ikijikokota kwa nusu sekunde hivi. Matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, yalikuwa yameshalichukua. Debian imara, ambayo huchukua viraka vya usalama haraka lakini haipokei matoleo mapya ya programu mpaka yakomae, haikuguswa kabisa. Huo ndio mpangilio tunaouona bora: viraka viwahi, mambo mapya yasubiri.

Njia nne zikiwekwa pamoja

| | Papo hapo | Kwa kuchelewa siku 7 hadi 14 | Kujulishwa na kubofya | Kuzimwa |
|---|---|---|---|---|
| Mwanya uliotangazwa | Huzibwa mapema | Hubaki wazi siku chache | Hutegemea utakapokumbuka | Hubaki wazi |
| Sasisho bovu | Linaweza kukupata | Mara nyingi limeshaondolewa | Linaweza kukupata, hasa ukiwahi | Halikufikii |
| Sumu yenye saini halali | Hukufikia | Hukufikia isipogunduliwa mapema | Hukufikia | Haikufikii kwa njia hii |
| Tangazo bandia la sasisho | Rahisi kulipuuza | Rahisi kulipuuza | Rahisi kukunasa | Rahisi kukunasa |
| Kazi inayobaki kwako | Kuwasha upya | Kuweka mpangilio mara moja | Kila wiki, kwa kila programu | Hakuna, mpaka uvamiwe |
| Inapofaa | Kivinjari, programu za simu, kinga ya virusi | Windows ya kazi, kompyuta nyingi za ofisi | Matoleo makubwa, draiva, programu za ndani za vifaa | Mashine isiyounganishwa na mtandao wowote |

Njia ya tatu, kujulishwa na kubofya, ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa humpa mtu hisia ya kushika usukani. Ukweli ni kwamba arifa hutokea ukiwa katikati ya kazi, unabofya "Baadaye", na hiyo baadaye inageuka miezi.

Kivinjari, na vile viendelezi vyake

Kivinjari kiache papo hapo, bila mjadala. Chrome ilianza kutoa toleo jipya kila wiki 4 mwaka 2021, na tangu Agosti 2023 viraka vyake vya usalama hutoka kila wiki. Mara kwa mara kimojawapo huziba mwanya ambao tayari unatumiwa na washambuliaji. Kasoro moja ipo hapa, na huwapata watu wengi: toleo jipya hushushwa na kuwekwa tayari, lakini halianzi kazi mpaka ukifunge kivinjari na kukifungua tena. Mwenye mazoea ya kuacha kurasa 40 wazi kwa mwezi mzima anatumia kivinjari cha mwezi uliopita, ingawa kujisasisha kumewashwa. Andika chrome://settings/help kwenye sehemu ya anwani. Ukiona "Relaunch", bofya. Kurasa zako za kawaida hurudi, ila madirisha ya faragha hayarudi, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea.

Viendelezi, programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, ni habari nyingine, na hapa tunasita kusifu kujisasisha. Kiendelezi kinaweza kuuzwa, na mmiliki mpya akatuma msimbo wake kwa watumiaji wote wa zamani bila wao kujua kwamba mwenye mali amebadilika. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Great Suspender, ambacho Google ilikiondoa Februari 2021 kwa kuwa na programu haribifu, miezi kadhaa baada ya kuuzwa. Huwezi kukagua kila toleo, kwa hiyo punguza idadi: fungua chrome://extensions na ufute usichokitumia kila wiki. Sasisho la kiendelezi likiomba ruhusa mpya nzito, Chrome hukizima mpaka ukubali. Huu ni ubofyaji mmoja wenye maana kweli, maana unaonyeshwa jambo unaloweza kulipima. Kiendelezi cha kupiga picha za skrini kikianza kutaka kusoma data ya tovuti zote, kifute.

Windows

Viraka vya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili. Kwa kompyuta ya nyumbani, viache vije vyenyewe na ufanye mambo matatu kwenye "Settings", sehemu ya "Windows Update". Kwanza, swichi ya "Get the latest updates as soon as they're available" iwe imezimwa. Ukiiwasha unaingia kundi la mbele, na unaanza kupewa masasisho ya awali yasiyo ya lazima. Pili, chini ya "Advanced options" weka "Active hours" zinazolingana na saa zako za kazi. Zinaweza kufika saa 18, na ndani yake Windows haitajiwasha upya yenyewe. Tatu, ukiwa na kazi isiyoweza kukatizwa, tumia "Pause updates", ambayo hufika wiki 5, badala ya kuzima huduma ya masasisho kwa programu za kushusha mtandaoni. Programu za namna hiyo hubadilisha ruhusa za mfumo, na baadaye hata sasisho unalolitaka linakataa kuingia.

Mwenye toleo la Pro anaweza kuweka njia ya pili kabisa. Fungua gpedit.msc, fuata Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, kisha "Manage updates offered from Windows Update". Kwenye "Select when Quality Updates are received" andika siku 7; mfumo hukubali hadi 30. Matoleo makubwa yana mpangilio wake pembeni, na unaweza kuyasogeza hadi siku 365. Sisi tungeweka 7 kwa viraka na 60 kwa matoleo makubwa. Kwa ofisi yenye mashine nyingi, acha mbili au tatu zisizo nyeti zipokee bila kuchelewa. Zikikaa salama wiki moja, nyingine zifuate zenyewe.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani, ni jambo la kuangaliwa peke yake. Kama kadi ya picha au printa inafanya kazi vizuri, toleo jipya la draiva lililoorodheshwa chini ya "Optional updates" halikuongezei usalama kwa kawaida. Liache.

Simu

Kwenye Android tofautisha vitu viwili. Programu za Play Store ziache zijisasishe kwa Wi-Fi pekee: fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya mtandao. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyika simu ikiwa kwenye chaji na haitumiki. Mfumo wenyewe ni salama kuusasisha kuliko watu wanavyodhani. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nyingi, ingawa si zote, zina nafasi mbili za mfumo: sasisho huandikwa kwenye ile isiyotumika huku ukiendelea na shughuli zako, na likishindwa kuwaka simu hurudi kwenye ile ya zamani.

iPhone hushusha na kusakinisha usiku, ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi. Acha viwake viraka vya haraka vya usalama pia. Julai 2023 kimoja kilifanya baadhi ya tovuti zishindwe kufunguka, Apple ikakiondoa na kutoa kingine ndani ya siku mbili, na hata kabla ya hapo mtumiaji angeweza kukitoa mwenyewe kwenye mipangilio. Toleo kubwa la mwaka ni tofauti: Apple ikishaacha kulitia saini toleo la zamani, hakuna kurudi. Hilo ndilo la kusubiri mpaka lipate marekebisho yake ya kwanza.

Seva, tovuti na ruta

Ubuntu, aina ya Linux inayotumika kwenye seva nyingi, ina unattended-upgrades, ambayo kwa mpangilio wa awali huchukua viraka vya usalama na kuacha matoleo mapya ya kawaida. Ijaribu kwa sudo unattended-upgrade --dry-run --debug, na usome kumbukumbu zake ndani ya /var/log/unattended-upgrades. Yenyewe haiwashi mashine upya. Kiini kipya kikisakinishwa, faili /var/run/reboot-required hutokea, na mpaka uiwashe upya seva inaendelea na kiini chenye mwanya. Sehemu ya /boot ikiwa ndogo, viini vya zamani huijaza na masasisho hukwama kimya. Amri ya sudo apt autoremove --purge huisafisha.

WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, hujisasisha kwa matoleo madogo tangu 3.7 ya Oktoba 2013. Programu-jalizi huwashwa moja moja tangu 5.5, na tangu 6.6 ya Julai 2024 inayosababisha kosa kubwa la PHP wakati wa kujisasisha hurudishwa kwenye toleo lake la awali. Ya malipo au ya duka la tovuti ijaribiwe kwanza kwenye nakala ya tovuti.

Ruta iache ijisasishe kama ina uwezo huo. Nyingi hazina, kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wake kila baada ya miezi mitatu. Sasisho la ruta au la BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, halivumilii umeme kukatika katikati: chipu inaweza kubaki na nusu ya programu, na kifaa kisiwake tena. Kompyuta ya mkononi iwe kwenye chaji na betri iliyojaa, na ruta usasishe saa ambayo umeme umetulia.

Mambo yanayoharibika, na matayarisho yake

Nafasi kwenye diski ndiyo chanzo cha masasisho mengi kugoma. Kabla ya toleo kubwa la Windows, acha angalau GB 20 wazi. Ufunguo wa BitLocker uchukue leo kutoka account.microsoft.com/devices/recoverykey, uuandike kwenye karatasi, usiuweke ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Sasisho la BIOS pekee linaweza kuifanya Windows iudai.

Windows ikishindwa kuwaka baada ya sasisho, izime kwa nguvu mara mbili au tatu inapoanza kuwaka, mpaka ukurasa wa urekebishaji utokee. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", kisha ondoa lile la mwezi. Baada ya toleo kubwa una siku 10 za kurudi nyuma. Unaweza kuzifanya 30 kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30, ila diski hubaki imebeba mfumo wa zamani muda wote huo.

Hakuna kati ya haya kinachorudisha faili lililofutwa. Kwa waliopoteza picha zao na toleo la 1809, tegemeo kubwa lilikuwa nakala iliyokuwa kwenye diski ya nje. Nakala hiyo ichomolewe baada ya kutengenezwa, kwa sababu diski iliyoachwa imechomekwa inaweza kuharibiwa pamoja na kompyuta.

Sasisho bandia

Tovuti zilizodukuliwa huonyesha ukurasa unaofanana kabisa na wa Chrome au Firefox: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati, shusha hapa." Faili linaloshuka mara nyingi ni la zip au la .js, na kulifungua ni kumkaribisha mwizi. Anayesasisha kwa mkono amezoea kuona maombi ya namna hii na kuyakubali. Aliyewasha kujisasisha anaweza kushika kanuni moja isiyo na ubaguzi: ombi lolote la kusasisha lililo ndani ya ukurasa wa tovuti, ujumbe mfupi au barua pepe ni la uongo. Sasisho la kweli huliona ndani ya mipangilio ya kifaa au ya programu yenyewe. Faida hii haitajwi sana, lakini kwa mtu asiye fundi tunaiona kuwa kubwa kuliko zote.

Kuhakikisha kwamba kweli kinajisasisha

Kujisasisha kunaweza kukwama bila kukuambia. Mara moja kwa mwezi tazama tarehe, si swichi. Kwenye Windows fungua "Update history" uone kama kiraka cha mwezi huu kimeingia na hakina neno "Failed". Kwenye Android nenda kwenye taarifa kuhusu simu, gusa toleo la Android, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ina zaidi ya miezi mitatu na ukitafuta sasisho hupati, huenda mtengenezaji ameacha kuihudumia simu hiyo, na hapo njia zote nne zinakuwa sawa.

Windows 10 ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, mwisho wa viraka uliwekwa kuwa 13 Oktoba 2026. Kifaa kilichopita tarehe ya namna hiyo kitoe kwanza kwenye kazi za benki, barua pepe na manenosiri. Kivinjari chake kiendelee kusasishwa kwa muda wote kinaopewa matoleo. Kama ni kompyuta nzima isiyokubali Windows 11, tawi imara la Linux linalopata viraka vya usalama litaifaa kuliko Windows isiyohudumiwa.